Mdudu katika Kinywa cha Samaki: Uainishaji na Maisha ya Familia ya Cymothoidae, na Maana Yake kwa Afya ya Mlaji

Utangulizi

Sepuka, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, iko mbali na bahari. Mji wa Singida wenyewe uko takribani kilomita 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Hata hivyo, samaki hufika. Huja dagaa na migebuka wakavu kutoka Kigoma, sato na sangara kutoka Ziwa Viktoria, na vibua waliogandishwa wanaouzwa kwenye majokofu ya madukani. Kwa kaya ambayo haimudu nyama kila wiki, samaki hawa, hasa dagaa, ni miongoni mwa vyanzo vya protini na madini vinavyopatikana kwa bei nafuu.

Mara kwa mara anayesafisha samaki hukuta jambo la kushangaza. Ndani ya kinywa, au chini ya mashavu, amejibana kiumbe mwenye pingili na miguu mingi, rangi yake nyeupe iliyopauka, macho yake meusi, na kucha zake zimeshika nyama kwa nguvu. Wengi hutupa samaki wote walionunuliwa. Wengine hukoma kununua samaki kabisa. Na iwapo mtoto aliyekula samaki siku hiyo atatapika au kutokwa na vipele, lawama humwangukia kiumbe huyo, na mhudumu wa afya huulizwa: je, mdudu huyu ameingia tumboni mwa mtoto?

Sehemu ya hofu hii inatokana na lugha yenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku, neno "mdudu" humtaja nzi, mende na siafu. Lakini katika vituo vyetu vya tiba neno hilohilo humtaja pia bakteria na kimelea cha malaria. Mgonjwa akiambiwa kuwa "ana wadudu kwenye mkojo", huelewa kuwa ana maambukizi. Basi si ajabu kwamba anapomwona mdudu waziwazi katika samaki huona maambukizi yenyewe, makubwa kiasi cha kushikika kwa vidole. Makala haya yanakusudia kueleza kiumbe huyo ni nani, anaishi vipi, kwa nini hawezi kuishi ndani ya mwili wa binadamu, na ni hatari zipi za kweli ambazo hofu hiyo huzifunika.

Nafasi yake katika uainishaji

Kiumbe tunayemzungumzia si mdudu kwa maana ya kisayansi. Wadudu wana jozi tatu za miguu. Huyu akikomaa ana jozi saba. Yeye ni krustasia, yaani ni ndugu wa kamba, kaa na kambakochi. Ndani ya kundi hilo kubwa yumo katika oda iitwayo Isopoda, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha "wenye miguu iliyo sawa", kwa kuwa miguu yao ya kutembelea hufanana, tofauti na kaa ambaye jozi yake ya mbele imekuwa magando. Spishi za Isopoda zilizokwisha kuelezwa zimepita 10,000. Wapo wanaoishi baharini, wapo walioingia maji baridi, na wapo waliohamia nchi kavu: wale viumbe wadogo wa kijivu wanaojificha chini ya mawe na magogo yenye unyevu, ambao baadhi yao hujikunja kama kidonge wanapoguswa, ni isopoda pia. Kwa hiyo hata mkazi wa Sepuka ambaye hajawahi kuiona bahari huenda ameshamwona jamaa wa karibu wa kimelea huyu, chini ya jiwe, msimu wa mvua.

Isopoda wanaohusiana na samaki wamo katika nusuoda ya Cymothoida. Humo zimo familia kadhaa ambazo, zikipangwa kwa tabia za ulaji, hufanana na ngazi. Cirolanidae wengi huogelea wenyewe na kula mizoga na wanyama wadogo. Corallanidae na Aegidae humshika samaki, hula au hunyonya damu, kisha baadhi yao humwacha na kwenda zao. Gnathiidae hunyonya damu wakiwa wachanga tu. Wakikomaa hawali kabisa. Juu ya ngazi wapo Cymothoidae, ambao wakishamkamata samaki hubaki naye maisha yao yote ya utu uzima. Ngazi hii ni njia nzuri ya kukumbuka tabia za familia hizi. Haimaanishi kwamba kila familia ilizaliwa na ile iliyo chini yake, kwani uchunguzi wa vinasaba umeonesha kuwa historia yao ni ya matawi mengi kuliko vidato vya ngazi.

Familia ya Cymothoidae ina jenasi zipatazo 40 na spishi zaidi ya 320. Wengi wao huishi katika bahari za joto. Mmoja wao alikwisha kutajwa na Linnaeus mwaka 1758, na jenasi ya Cymothoa iliundwa na Fabricius mwaka 1793. Jina la familia limehusishwa na mtaalamu wa Uingereza, William Elford Leach, katika kazi yake ya mwaka 1818. Leach aliacha fumbo ambalo wanafunzi wa zuolojia hulifurahia hadi leo: majina ya jenasi alizozianzisha, kama vile Cirolana, Anilocra na Nerocila, yana herufi zilezile za jina la mwanamke, Carolina au Caroline, zilizopangwa upya. Mwanamke huyo alikuwa nani hasa, majina yenyewe hayasemi. Wataalamu wa baadaye waliuendeleza mchezo huo, na ndiyo sababu tunayo leo jenasi iitwayo Norileca.

Umbile

Mwili wa kimelea huyu umebapa kutoka juu kwenda chini na umegawanyika katika kichwa, kifua chenye pingili saba zinazoonekana, na fumbatio fupi linaloishia kwa bamba pana kama mkia. Hana gamba moja kubwa la kufunika kifua kama alilo nalo kaa. Kila mguu wake huishia kwa ukucha uliopinda kama ndoana, na ukucha huo ndio unaomfanya awe mgumu kung'oka hata baada ya samaki kufa. Chini ya fumbatio zipo jozi za vibamba vyembamba, laini, vilivyojaa mishipa. Hivyo ndivyo vyombo vyake vya kupumulia, navyo hufanya kazi vikiwa majini. Jambo hili tulishike, kwa sababu tutalihitaji tutakapouliza kama anaweza kuishi tumboni mwa mtu.

Urefu wa jike katika spishi nyingi ni kati ya sentimita moja na tano. Dume huwa mdogo zaidi. Kwa hiyo mara nyingi kinachoonekana kinywani ni jike, na dume hukaa karibu naye, mara nyingi kwenye mashavu, asionekane na anayesafisha samaki kwa haraka.

Mzunguko wa maisha

Jike ana mfuko wa kutunzia mayai chini ya kifua, ulioundwa kwa vibamba vinavyopishana kama vigae. Mayai hukua humo hadi watoto wanapokamilika. Mtoto anayetoka mfukoni hufanana na wazazi wake, ila ana jozi sita za miguu badala ya saba. Jozi ya saba humwota baadaye. Ana macho makubwa na anaogelea kwa wepesi. Ana muda mfupi tu, kwa kuwa akiba ya chakula aliyozaliwa nayo ni ndogo: lazima ampate samaki anayefaa kabla haijaisha.

Akimpata, humshika kwa kucha, hujongea hadi mahali pa spishi yake, na kuanza kula damu, ute na tishu za samaki. Spishi nyingine hukaa juu ya ngozi, nyingine katika chumba cha mashavu, nyingine kinywani, na chache hujichimbia kifuko ubavuni mwa samaki. Kila spishi ina makao yake, na nyingi huchagua samaki wa aina chache tu.

Hapa huja jambo la ajabu zaidi katika biolojia yao. Kila mmoja huanza maisha ya utu uzima akiwa dume. Iwapo samaki hana jike, dume wa kwanza kufika hukua, hujivua gamba na kugeuka kuwa jike. Anayefika wa pili hubaki dume maadamu jike yupo. Jike huyo, mwili ukishakuwa mzito na kujaa mayai, hupoteza uwezo wa kuogelea vizuri. Hatatoka tena. Samaki akifa, naye hufa muda si mrefu.

Hata kujivua gamba hakufanyiki kwa mara moja. Nusu ya nyuma ya mwili huvua kwanza, kisha nusu ya mbele hufuata. Kwa njia hiyo sehemu ya miguu huwa imara wakati wote, na kimelea hapeperushwi na maji yanayopita kwenye mashavu.

Kimelea anayeshika nafasi ya ulimi

Spishi iliyojulikana zaidi duniani ni Cymothoa exigua, iliyoelezwa na Schiødte na Meinert mwaka 1884. Jike wake hushika sehemu ya chini ya ulimi wa samaki na kunyonya damu. Ulimi hukosa damu, hunyauka na kupotea, ukabaki mzizi tu. Naye kimelea hujishikiza kwenye mzizi huo. Mwaka 1983 Brusca na Gilligan waliandika kuhusu samaki wa Ghuba ya California, Meksiko, na wakapendekeza kuwa samaki huyo humtumia kimelea kama ulimi wake, kwa kumkandamizia chakula dhidi ya kaakaa. Si spishi zote zinazokaa kinywani zinazouharibu ulimi kwa kiwango hicho. Nyingi hukaa juu yake tu na kuupunguza. Samaki mwenye kimelea huyu anaweza kudhoofu, kupungukiwa damu na kukua polepole, lakini mara nyingi huendelea kuishi.

Bahari ya Hindi na Ziwa Tanganyika

Katika Bahari ya Hindi, Norileca indica, iliyoelezwa na Henri Milne Edwards mwaka 1840, hukaa ndani ya mashavu ya samaki wanaoogelea kwa makundi, wakiwamo vibua wa jenasi ya Rastrelliger. Imethibitishwa pia katika samaki waliovuliwa Msumbiji, jirani zetu wa kusini.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi sisi wa bara ni wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1965 Geoffrey Fryer, mtafiti aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi wa maji baridi cha Afrika Mashariki huko Jinja, Uganda, alieleza spishi mpya iliyopatikana kwa samaki wa jamii ya sato na perege wa ziwa hilo, akaiita Lironeca tanganyikae. Mwanafamilia wa ukoo wa baharini anaishi, basi, katika maji baridi, mbali na bahari yoyote. Wapo wengine wa familia hii katika mito ya Amazon, ya Kongo na ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo mtu akikuta kiumbe wa namna hii katika samaki wa ziwani asidhani kwamba ameuziwa samaki wa baharini kwa udanganyifu, wala kwamba maji ya ziwa yametiwa sumu.

Je, anaweza kumwambukiza binadamu?

Jibu ni hapana, na sababu zake ni nne.

Kwanza, mzunguko wa maisha yake hauna hatua inayopitia kwa binadamu wala kwa mnyama mwingine wa nchi kavu. Huenda kutoka samaki hadi samaki moja kwa moja. Huyu ni tofauti na tegu wa nguruwe, ambaye lava wake hukaa ndani ya nyama akimsubiri binadamu amle.

Pili, hupumua kwa vibamba vinavyohitaji maji yenye oksijeni. Tumboni mwa binadamu hamna maji ya namna hiyo. Mna asidi na vimeng'enya vinavyomyeyusha kama vinavyomyeyusha kamba tuliyemla.

Tatu, anapofika sokoni, akiwa ndani ya samaki mkavu au aliyegandishwa, kwa kawaida amekwisha kufa, na mayai yake yamekufa pamoja naye.

Nne, hana tezi ya sumu inayojulikana kumdhuru mlaji. Ndugu zake wakubwa wa kina kirefu, wa jenasi ya Bathynomus, ambao wapo wanaofikia karibu nusu mita, huliwa kama kamba huko Taiwan na Vietnam.

Akiwa hai anaweza kubana kidole cha anayemtoa kwa mkono mtupu. Hilo ni jeraha dogo. Lioshwe kwa maji na sabuni kama mchubuko mwingine wowote.

Hatari zinazofunikwa na hofu

Ubaya wa kumlaumu kimelea asiye na hatia ni kwamba chanzo halisi hakitafutwi. Mtu aliyeugua baada ya kula samaki anastahili kuchunguzwa kwa makini, na mambo yafuatayo ndiyo ya kuangaliwa.

La kwanza ni sumu ya histamini. Vibua, jodari na jamaa zao wana kiasi kikubwa cha histidini katika misuli. Samaki hao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, au wakiyeyuka na kugandishwa tena njiani, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Histamini haiharibiwi kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Mlaji, ndani ya dakika chache hadi saa chache, hupatwa na wekundu na joto usoni, kichwa kuuma, kuwashwa, moyo kwenda mbio, kichefuchefu au kuharisha. Wengine husema samaki alikuwa na ladha kali kama pilipili. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ni miligramu 200 za histamini kwa kilo ya samaki. Samaki aliyepita kiwango hicho anaweza kuonekana mzima kwa macho, bila mdudu hata mmoja.

La pili ni mzio wa kweli. Krustasia wana protini iitwayo tropomiosini, ambayo haiharibiki kwa urahisi kwa joto, na protini zinazofanana nayo zimo pia kwa mende na utitiri wa vumbi. Mtu mwenye mzio wa kamba au kaa anaweza, kwa kanuni hiyohiyo, kudhurika akila isopoda aliyepikwa au kusagwa pamoja na samaki. Hii ndiyo njia pekee ya maana ambayo kiumbe huyu anaweza kumletea madhara mlaji, nayo inawahusu wachache wenye mzio tu.

La tatu ni vimelea wengine. Minyoo wa jamii ya Anisakis, weupe na wembamba, waliojikunja kwenye matumbo au nyama ya samaki wa baharini, wanaweza kumletea binadamu maumivu makali ya tumbo iwapo samaki ataliwa mbichi au bila kuiva. Hufa kwa joto la nyuzi 60 za Selsiasi lililofika hadi katikati ya nyama, au kwa kugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba.

La nne linatokana na mikono yetu wenyewe. Wapo wanaopuliza dawa za kuulia wadudu juu ya samaki wakavu ili kuzuia mende wanaotoboa nyama. Dawa hizo ni sumu kwa mlaji. Jokofu lisilokatika umeme, chumvi ya kutosha, ukaushaji kamili na vyombo vyenye mfuniko ndivyo vinavyofaa.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa akifika akisema amekula samaki mwenye mdudu, usimcheke wala usimkemee. Muulize maswali matatu: alikula samaki gani, dalili zilianza baada ya muda gani, na waliokula naye wako katika hali gani. Wakiugua wengi kwa wakati mmoja, wote wakiwa na wekundu na kuwashwa, fikiria sumu ya histamini. Dawa ya kuzuia histamini, kama setirizini au klorifeniramini, kwa kawaida hutosha, na dalili huisha ndani ya saa 24. Usimwandikie mgonjwa kwamba ana mzio wa samaki wa maisha wakati samaki walikuwa wameharibika. Maneno hayo yatamnyima chakula kwa miaka mingi.

Akiugua mmoja tu kati ya wengi, na hasa akiwa amewahi kudhurika kwa kamba au kaa, fikiria mzio. Akikosa pumzi, akikoroma, akivimba ulimi au koo, au shinikizo la damu likishuka, mpe adrenalini mara moja ndani ya msuli wa paja kwa upande wa nje: miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito kwa mtoto, isizidi 0.5. Kisha mpeleke kwenye huduma ya juu. Usisubiri dawa ya vidonge ifanye kazi.

Akitapika na kuharisha bila dalili za ngozi, fuata utaratibu wa kawaida wa kuhara: chumvi-maji kwanza, na zinki kwa mtoto. Dawa ya minyoo haitibu isopoda, kwa sababu hakuna isopoda tumboni wa kutibiwa.

Kwa mnunuzi na mlezi

Ukimkuta kiumbe huyu, mtoe mzima kwa kisu au kibano, kata sehemu aliyokuwa ameshika, osha samaki kwa maji safi, kisha mpike hadi nyama iachane na mfupa. Samaki huyo ni salama, ila asiliwe na mwenye mzio wa kamba au kaa. Mtupe samaki ikiwa nyama imelegea na hairudi ikibonyezwa, macho yamezama, harufu ni kali, au wa barafu anaonesha dalili za kuyeyuka na kugandishwa tena. Hayo ndiyo yanayostahili hofu yako.

Na usimnyime mtoto dagaa. Dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo humpa mtoto madini ya chokaa pamoja na protini, na unga wake uliosagwa vizuri unaweza kuchanganywa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Mtoto anayekosa samaki kwa sababu ya mdudu asiyeweza kumdhuru hupata hasara ambayo uzito wake kwenye kadi ya kliniki utaionesha kabla mzazi hajaigundua.

Hitimisho

Familia ya Cymothoidae ni mfano wa jinsi maisha ya kimelea yanavyoweza kufungwa kwa mwenyeji mmoja hadi yasiweze kwenda kwingine. Umbile lake, upumuaji wake na uzazi wake vyote vimetengenezwa kwa ajili ya samaki na maji. Mhudumu anayelijua hilo anaweza kumtuliza mgonjwa kwa dakika mbili, kisha akatumia muda uliobaki kuuliza habari za jokofu, za njia waliyopita samaki, na za wenzake waliokula sahani moja. Katika maswali hayo ndimo ugonjwa hupatikana.